Ameitwa Wapi? Mjadala wa Alama na Mgao wa Nafasi Kusini mwa Pwani

Ameitwa wapi? Ndilo swali linalozunguka kila nyumba yenye mtoto aliyefanya mtihani, kuanzia Ng'ombeni hadi Vanga. Tangu 1985 hadi 2023 jibu lilitegemea alama za KCPE. Sasa linategemea KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9 uliofanywa mara ya kwanza 2025, na kundi lake la kwanza likaingia sekondari pevu Januari 2026. Mtihani umebadilika, ugomvi umebaki. Shule za serikali zinazogombewa, Kwale High na Matuga Girls zikiwamo, zichukue wenye alama nyingi popote walikotoka, au ziwatengee nafasi waliosoma kwa shida?

Hoja iliyowekwa mezani ni hii: nafasi katika shule hizo zitolewe kwa alama peke yake. Wasemaji nimewatunga: mkurugenzi wa akademia moja ya Diani, mwalimu mkuu mstaafu wa upande wa Ramisi, mama mzaliwa wa Kinango anayeuza mahamri Ukunda, wakili wa mjini Kwale, na kijana wa chuo kikuu kutoka jamii ya Wamakonde. Maneno yao lakini yanasikika katika baraza lolote la huku kusini.

MKURUGENZI: Naunga mkono hoja, tena bila kuzunguka. Mtihani ni wa taifa. Anayeufanya Diani na anayeufanya Mandera wanajibu maswali yale yale, na mtoto wangu hapewi mepesi kwa kuwa mzazi wake amelipa. Na tuache huu wimbo kwamba akademia ni za matajiri. Matajiri wa Diani hawasomeshi kwangu. Watoto wao wanafuata mtaala wa Uingereza na KJSEA haiwahusu. Wangu ni watoto wa wahudumu wa hoteli, wa madereva wa tuktuk, wa akina mama wauza samaki. Karo wanalipa kwa M-Pesa, elfu leo, mia tano wiki ijayo, na wageni wakiadimika tunavumiliana. Wengi walizikimbia shule za serikali baada ya 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure na madarasa yakafurika. Mzazi amejinyima miaka yote hiyo, mtoto amefaulu, halafu aambiwe apishe kwa sababu dawati lake lililipiwa?

MWALIMU: Mkurugenzi, hakuna aliyesema mtoto wako kaiba. Karatasi ni moja, nakubali. Ila tazama wanavyoifikia. Sekondari msingi zimewekwa ndani ya shule za msingi, na shule hizo hazikujengwa na maabara. Huko kwetu mwalimu mmoja anashika hisabati, sayansi jumuishi na kilimo, na pengine ni yule wa mkataba wa mafunzo anayepokea kama shilingi 17,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 walimu hao waligoma, na palipokuwa hapana mwingine, masomo yalisimama. Kwako mwalimu akiondoka Ijumaa, Jumatatu una mwingine.

Tena hiyo habari ya mtihani mmoja imepitwa na wakati. KJSEA ni asilimia 60 tu ya hesabu. Asilimia 20 ni KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine ni kazi za darasani za Gredi ya 7 na ya 8, ambazo mwalimu anazisahihisha na kuzipakia mtandaoni kwa Baraza la Mitihani. Mwalimu wa ndani huko anatia karatasi kwenye bahasha, anapanda bodaboda mpaka duka la kompyuta Msambweni, analipa kutoka mfukoni mwake, na stima ikipotea anarudi kesho. Mradi wa mtoto wa Diani unakuja umechapishwa kwa rangi. Hapo tunapima akili au tunapima kompyuta?

MKURUGENZI: Basi peleka walimu, peleka kompyuta, jenga maabara. Nitakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini kumpa nafasi mwenye alama za chini hakujengi maabara Ramisi. Unamtoa mtoto mmoja, unawaacha wenzake pale pale, kisha unasema umeleta haki.

MAMA: Ndugu yangu Mkurugenzi, huyo mmoja alikuwa wangu. Sikiliza basi. Alifanya KCPE 2022, mwaka ambao Kinango ukame ulitutia adabu. Asubuhi silanga, jioni silanga, na silanga lenyewe tope. Alama zake kwako hazingetangazwa hata kwenye bango la getini. Lakini alikuwa wa kwanza katika shule yao, akaitwa shule ya kitaifa kwa ule mgao wa kaunti ndogo. Kuitwa ni jambo moja, kwenda ni lingine. Barua ilikuja na karo ya shilingi 53,554, kiwango kilichowekwa na serikali. Nyuma yake karatasi ya pili: godoro, mablanketi mawili, sanduku la chuma na kufuli lake, ndoo, viatu vyeusi jozi mbili, rimu ya karatasi, na sare ya kununuliwa pale pale shuleni. Nilikaa chini nikaisoma kwa kidole, kila mstari naandika bei pembeni. Nilipofika kwenye sare nikaweka kalamu.

MWALIMU: Na mwisho alikwenda?

MAMA: Alikwenda. Basari ya kaunti ndiyo iliyotutoa, hii iliyoanza enzi za gavana Mvurya. Vitu vya sanduku tulichangiwa na chama cha akina mama. Lakini jirani yangu mtoto wake aliitwa na hakwenda. Akaingia shule ya kutwa, na kile kiti akapewa mwingine. Kwenye vitabu vya serikali imeandikwa Kinango ilipewa nafasi. Kweli ilipewa. Ila nafasi bila nauli ni jina tu.

WAKILI: Mama amegusa jambo ambalo sheria hulichelewa. Turudi nyuma kidogo. Ugomvi huu si wa jana. Mwaka 1985 serikali ya Rais Moi iliagiza asilimia 85 ya nafasi katika shule za upili za mikoa ziende kwa watoto wa maeneo hayo. Nia ilikuwa kuwalinda waliobaki nyuma. Matokeo yake mtoto aliweza kuzaliwa, kusoma na kumaliza shule bila kukaa dawati moja na Mkenya wa kabila jingine. Shule za kitaifa ndizo zilizobaki kuwa mahali pa kukutana, nazo zilikuwa 18 tu, nyingi zikiwa Nairobi, Kati na Bonde la Ufa. Kuanzia 2011 shule nyingine zikapandishwa daraja hadi za kitaifa zikafika 103, na ndivyo Kwale ilivyopata zake mbili.

Mwaka huo huo wa 2011 wizara ilitenga sehemu kubwa ya nafasi za kitaifa kwa watoto wa shule za umma. Watu wa shule za kibinafsi wakaenda Mahakama Kuu wakidai watoto wa shule hizo wamebaguliwa. Walishindwa. Mahakama ilisema si kila kutofautisha ni ubaguzi, na kwamba kuwatendea sawasawa watu wasiokuwa na hali sawa kunaweza kuzidisha dhuluma. Kifungu cha 27 cha Katiba kinaitaka serikali ichukue hatua za kuwainua walioachwa nyuma. Kwa hiyo, Mkurugenzi, hoja ya alama peke yake ilishapimwa kortini ikaonekana nyepesi.

MKURUGENZI: Korti ilisema mgao unaruhusiwa. Haikusema mgao unafanya kazi. Nikuambie tulichokiona baada ya hukumu hiyo. Wazazi walianza kuwasajili watoto wao mtihani katika shule za serikali huku wanaendelea kusoma akademia. Mtoto anavaa sare ya kijani kwangu mwaka mzima, siku ya mtihani anavaa kaptura ya kaki kwa Mwalimu. Matokeo yakitoka, shule ya serikali inasherehekea, takwimu zinasema shule za umma zimepanda, na yule mtoto wa silanga bado yuko silanga. Mwenye uwezo hutafuta mlango, na ukimfungia wa mbele anapita wa uani.

MWALIMU: Hilo ni kweli, na wengine wetu tulifumba macho kwa sababu wastani wa shule ulipanda. Lakini mimi nina lalamiko jingine. Kwale High ilipokuwa shule yetu ya kaunti, mtoto wa Kikoneni mwenye alama za wastani alikuwa na matumaini nayo. Ilipofanywa ya kitaifa, basi za kutoka bara zikaanza kupanga foleni siku ya kuripoti, na wetu wakaambiwa alama hazitoshi. Tulipigiwa ngoma kwamba tumepewa shule ya kitaifa. Kumbe tumenyang'anywa ya kaunti. Naomba nusu ya nafasi za Kwale High na Matuga Girls ziwe za wenyeji.

KIJANA: Shikamoo Mwalimu. Naomba nikupinge kwa heshima zote.

MWALIMU: Marahaba mwanangu, nipinge.

KIJANA: Mwenyeji ni nani? Babu zetu Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kulima mkonge na miwa huku kusini mwa Pwani, wakazaa, wakazikana hapa. Mpaka 2016 hatukuwa raia. Mwaka huo wazee wetu walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi ndipo serikali ikaagiza tupewe vitambulisho. Wapemba walingoja hadi 2023. Kabla ya 2016 mtoto wa Kimakonde alikuwa akifika darasa la nane anaulizwa cheti cha kuzaliwa ili asajiliwe mtihani, na cheti kinaulizia kitambulisho cha mzazi. Mzazi hana. Wako waliosajiliwa kwa jina la jirani, na wako walioacha shule wakaenda kuchonga vinyago. Sasa wewe ukisema nusu ya nafasi ni za wenyeji, atakayekaa mezani kuamua mwenyeji ni nani ni yule yule aliyemnyima baba yangu karatasi.

MWALIMU: Sikumaanisha kabila.

KIJANA: Najua hukumaanisha, mwalimu wangu. Lakini neno likishatoka mikononi mwako litafika kwa mwanasiasa, na yeye atamaanisha. Kuna Wakamba wa Shimba Hills waliokaa tangu mashamba ya makazi yagawanywe. Kuna watoto waliozaliwa Ukunda na wazazi waliokuja kutafuta kazi hotelini. Hao nao ni wa wapi?

MKURUGENZI: Umeona? Ndiyo maana nasema alama. Alama haina kabila wala haiulizi babu.

KIJANA: Alama haiulizi babu, lakini ilituuliza cheti kabla hatujaandika hata jibu moja. Tena kuna jambo sijalisema. Mimi niliingia shule ya kitaifa nikiwa wa kwanza wa shule nzima niliyotoka. Muhula wa kwanza nikawa wa mwisho darasani. Wenzangu walishashika bunseni tangu zamani. Mimi niliiona siku hiyo na nikaogopa kuiwasha. Walioniingiza walidhani kazi yao imekwisha pale getini. Kilichoniokoa ni mwalimu wa kemia aliyetukusanya sita tuliokuwa mkiani akatufundisha baada ya chakula cha jioni, bila malipo. Asingetokea huyo, Mkurugenzi angenitumia leo kama ushahidi kwamba mgao unaharibu watoto.

MKURUGENZI: Ningekutumia, sikatai. Na wapo wengi ambao huyo mwalimu hakuwatokea.

WAKILI: Basi tujiulize mgao wa nini. Tumejaribu wa eneo mwaka 1985, ukatufungia kwenye vijiji vyetu. Tumejaribu wa umma na binafsi mwaka 2011, watu wakahamisha majina. Miaka ya mwisho ya KCPE tukawa na ule wa watano bora, wavulana na wasichana, katika kila kaunti ndogo. Huo ulikuwa bora kuliko yote, lakini utazameni ulivyokaa hapa. Diani na Ramisi ziko kaunti ndogo moja, Msambweni. Kwenye karatasi ya wizara ni sehemu moja yenye dhiki za Pwani. Kwa miguu yako mwenyewe ukitoka kwenye hoteli za ufuo wa Diani mpaka mashamba ya miwa ya Ramisi, umepita nchi mbili. Watano bora wa Msambweni watatoka wapi?

MAMA: Hapo hata mimi muuza mahamri najua. Ukunda na Diani.

WAKILI: Ndiyo. Kaunti ndogo ni kapu kubwa mno. Nchini Marekani, katika jimbo la Virginia, kuna shule ya umma inayogombewa sana, Thomas Jefferson. Mwaka 2020 waliacha mtihani wa kuingilia, wakaamua kila shule ya kati ya umma katika eneo lao itengewe nafasi sawa na asilimia 1.5 ya wanafunzi wake wa darasa la mwisho. Wazazi walishtaki, mahakama ya rufaa ikakataa madai yao mwaka 2023, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Kipimo chao hakitaji rangi wala kabila wala mtaa. Kinasema tu: mshinde aliyeketi na wewe, aliyefundishwa na mwalimu yule yule.

MWALIMU: Yaani kila shule ipeleke wake wa kwanza.

WAKILI: Kila shule yenye Gredi ya 9, ya umma au ya kibinafsi. Akademia ya Mkurugenzi nayo inapata. Shule zetu za daraja la C1, zile zilizokuwa zikiitwa za kitaifa, hazitatosha kila shule ya nchi, kwa hiyo tunaziunganisha na za C2, daraja linalofuata. Nafasi zinazobaki zigombewe kwa alama, nchi nzima, bila kuuliza mtu katoka wapi. Hata Tanzania, hapo tu ng'ambo ya Horohoro, haikuchagua njia moja. Miaka ya 1970 waligawa nafasi kwa mikoa ili iliyobaki nyuma isimezwe na Kilimanjaro na Kagera, na baadaye wakawa na shule za vipaji maalum kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe zinazochukua wenye alama za juu. Nchi inaweza kuyashika yote mawili.

MKURUGENZI: Sitasema nimeshindwa, lakini huo sioni pa kuupigia kelele sana. Mtoto wangu wa kwanza anapita, na wa pili na wa tatu wanagombea kwa alama. Ila mzazi mjanja atafanya nini? Atamhamishia mtoto wake shule dhaifu ya kijijini Gredi ya 7, ambako kuwa wa kwanza ni rahisi.

MAMA: Amlete! Tena amlete upesi. Mzazi mwenye gari akija kumchukua mtoto wake akakuta choo kimoja cha watoto mia tatu, hicho choo hakitamaliza mwaka. Atampigia simu mheshimiwa, na mheshimiwa atashika. Sisi tumepiga miaka kumi.

MWALIMU: Hapo Mama umenimaliza. Ujanja wote niliouona maishani ulikuwa wa kuwatoa watoto wenye uwezo katika shule zetu. Huu ndio wa kwanza wa kuwarudisha.

MKURUGENZI: Sharti langu moja. Msimwingize mtoto halafu mkamwacha kama kijana wetu alivyoachwa. Kiti bila mwalimu wa jioni ni kumdhalilisha.

KIJANA: Hilo mimi na wewe tuko pamoja, Mkurugenzi. Na cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe akiwa Gredi ya 1, asingoje mwaka wa mtihani.

MAMA: Na karo. Basari ya kaunti mwaka 2025 iliingia kwenye mvutano na mdhibiti wa bajeti huko Nairobi, kwamba shule za upili si kazi ya kaunti. Kampuni ya Base Titanium, iliyokuwa ikifadhili wanafunzi wa huku, ilisimamisha uchimbaji Desemba 2024. Basi huyo wa kwanza wa kila shule, aliyeitwa na serikali, serikali imlipie. Akiitwa, aende.

*

Kura yangu ni kuipinga hoja. Hoja ya alama peke yake ina kitu kimoja kizuri ambacho wapinzani wake hawapaswi kukidharau: inamkinga mtoto na meza ya anayeamua nani ni wa hapa na nani mgeni. Katika kaunti ambayo watu wamewahi kuishi miongo kadhaa bila uraia, kinga hiyo si ndogo. Lakini kumshindanisha mtoto wa mwalimu mmoja na mtoto wa walimu kumi, kisha kuiita tofauti yao akili, ni kumpimia kwa mizani mbovu.

Mgao kwa kipimo cha shule unabaki na kinga hiyo huku ukiondoa mizani hiyo. Haumuulizi mtoto kabila lake, kijiji chake, wala kama mzazi wake alilipa. Unataka ashindane na waliopata alichopata. Na ujanja utakaozuka, maana utazuka, utawasukuma wenye sauti kuelekea shule zisizokuwa na sauti.

Utakuwa haki ya karatasini, hata hivyo, ikiwa karo haitamfuata aliyeitwa na masomo ya ziada hayatamngoja ndani. Mama wa Kinango na kijana wa Kimakonde wamelisema hilo, kila mmoja kwa alivyoonjeshwa, na hata Mkurugenzi amelikubali. Mahali pa kuanzia hapahitaji sheria mpya wala pesa nyingi. Kila Februari, wanafunzi wakishatulia, wizara ichapishe orodha ya shule walikotoka wanafunzi wapya wa Kwale High, Matuga Girls na kila shule ya daraja hilo: wangapi waliitwa kutoka kila shule, wangapi waliripoti, na wangapi bado wapo mwaka mmoja baadaye. Pasiwe na jina la mtoto hata mmoja, majina ya shule yatosha. Orodha ikibandikwa kwenye ubao wa chifu kule Ndavaya, wazazi watajua wenyewe ni shule gani haijawahi kuita mtoto, na watajua pa kwenda kuuliza kwa nini.